Shahada Iliyofunikwa Plastiki

Kimaka, Jinja

Mjukuu wangu Nekesa,

Sisi hapa tu wazima. Bibi yako amepona goti na amerudi bustanini. Umeniuliza kwa nini shahada yenye muhuri wa chuo ihitaji tena mihuri ya wizara na ubalozi kabla ya kukubaliwa huko uliko, kana kwamba wewe huaminiki.

Nilipohitimu, nilipata kazi ya ualimu nje ya nchi. Baba yangu, askari wa magereza mjini Mbale, alikuwa ameshaifunika shahada yangu kwa plastiki ngumu na kuitundika ukutani nyumbani kwetu, mtaa wa Nabuyonga. Tuliipeleka wizarani pamoja ili igongwe muhuri.

“Afande, nitagonga wapi?” karani akamuuliza. “Wino utateleza kama kiatu kwenye tope la Nakaloke.”

“Gonga tu, bwana. Nimeifunika isiguswe na mtu.”

Tulipoibandua plastiki, saini ya mkuu wa chuo ilitoka nayo. Bila saini karani hakuweza kugonga; nafasi ile ikaenda kwa mwingine, nami nikabaki kufundisha Jinja.

Tangu hapo nimefikiri hivi: hakuna muhuri unaothibitisha elimu yako. Kila mmoja husema tu, “Naijua saini iliyonitangulia.” Karatasi husafiri kwa kupita mikononi mwa watu, na baba, kwa upendo wake, aliizuia mikono hiyo isiifikie.

Leo nimeituma yako uliyoniachia, bila plastiki, ikiwa na mihuri yote. Pembeni kuna alama ya kidole cha bibi yako, aliyetaka kuishika kwanza. Sikuifuta.

Babu yako