Kumi Iliyogeuka Tisini

Dada yangu mpendwa Hamisa,

Simu zako za juzi niliziona. Niliiacha simu ilie mezani mpaka ikanyamaza, kwa sababu nilijua ni nani aliyekuambia unipigie. Afadhali nikuandikie. Kwa sauti ningetetemeka.

Unakumbuka meza yetu ya kulia pale Nabuyonga, ulipokuwa unajifunza kuandika programu na mimi nikijifanya nasoma? Programu yako ya kwanza ilihesabu moja mpaka mia, na kila namba ilishuka mstari mpya, mpaka lile dirisha jeusi la kompyuta likajaa. Ulikasirika. "Kwa nini iseme kitu kilekile chini, chini, chini? Ikae hapo hapo, ibadilike." Ulihangaika mpaka chai ikapoa, kisha ukaipata ile alama inayorudisha maandishi mwanzo wa mstari bila kushuka. Namba zikaanza kubadilika mahali pamoja, moja juu ya nyingine. "Zubeda, njoo uone!" Nilikuja, nikasema ni nzuri. Sikusema kwamba iliniuma kuona Mama ameacha sufuria jikoni akaja kusimama nyuma yako. Nyuma yangu hajawahi kusimama.

Sasa wewe uko Jinja, una ofisi yako yenye kiyoyozi. Mimi nimekaa kwenye kiti chako, katika duka la jumla la Hajji hapa Mbale mjini, bado niko kwenye majaribio. Kila asubuhi ninawatumia wenye maduka ujumbe wa bei mpya kwa programu uliyoiacha. Hajji husimama nyuma yangu na kikombe chake, akiangalia ule mstari mmoja ukihesabu wateja waliobaki.

"Hamisa alikuwa na kichwa," husema. Kila asubuhi, dada.

Basi wiki iliyopita niliamua mstari ule uwe wangu. Nilifuta maneno yako, nikaandika "Wateja waliobaki:" na namba mwishoni. Nikaona pia kwamba uliacha nafasi tupu mwishoni mwa mstari. Nilifurahi, nakwambia kweli. Kumbe naye ni mzembe! Nikazifuta.

Wateja wetu hawafiki mia, kwa hiyo mambo yalikwenda vizuri mpaka kumi. Baada ya kumi ikaja tisini.

"Banange!" Hajji akaweka kikombe chini. "Kumi imekuwa tisini? Ujumbe inazaa?"

"Hapana, Hajji, ngoja kidogo..."

"Sasa themanini! Wewe msichana, unatumia nani hizo?"

Ujumbe ulikuwa ukienda sawasawa. Kilichoharibika ni mwonekano tu. Tisa ina tarakimu moja, ikaifunika moja ya kumi, na ile sifuri ya zamani ikabaki pale pale. Lakini ningemwelezaje Hajji, naye ameshakupigia? Nilisikia sauti yako ikicheka, laini kabisa. "Nitakuja Jumamosi, Hajji, nimrekebishie."

Wenzangu walipokwenda kula, nilibaki. Nilishaelewa kwamba nikizirudisha nafasi zako tupu, itapona. Sikuzirudisha. Nilitafuta mpaka nikapata amri ya kufuta mstari mzima kwanza, ndipo namba mpya iandikwe. Kesho yake ilihesabu kumi, tisa, nane, bila kosa. Hajji alimaliza chai yake taratibu, akasema, "Hamisa amekuelekeza vizuri kwa simu."

Na simu zako sikuwa nimezipokea! Nikageukia bei za kesho.

Dada, Jumatatu Hajji ataamua kama nabaki au naondoka. Ukija Jumamosi, hata ukisimama tu mlangoni ukasalimia, mimi nimekwisha. Najua unanipenda, ndiyo maana nakuomba jambo gumu: usinisaidie. Mwambie Hajji hukunielekeza hata neno moja. Kisha njoo nyumbani, Mama akupikie, nami nitakutandikia kitanda. Dukani usipite.

Mdogo wako, anayekuonea wivu mpaka leo,
Zubeda