Kompyuta Inayozima Ikijisikia

Jumatatu, 6 Machi

Imezima tena. Mara mbili kabla ya saa sita, mara moja baada ya chakula. Haionyi, hailii, haiandiki kosa lolote — kioo cheusi tu, na mimi nimekodoa macho. Kurasa nne zimekwenda na maji. Tafsiri ya kitabu cha wakunga inatakiwa kwa mhariri Ijumaa, saa nne asubuhi. Ameshaniambia, kwa ile sauti yake ya upole ambayo ndiyo mbaya kabisa, kwamba nikichelewesha na hiki atampa mtu mwingine kazi zote zinazofuata. Nimeshachelewesha viwili. Sina cha kujitetea.

Mume wangu anasema labda ni umeme. Taa inawaka, friji inanguruma — umeme gani huo wa kuchagua? Mimi namshuku yeye na filamu anazopakua. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumanne, 7 Machi

Nimefuta filamu zote za mume. Thelathini na moja. Nimesaka virusi saa mbili nzima, sikupata hata kimoja. Mashine ikaenda vizuri mpaka nikaanza kujisifu. Nikaenda kuoga, nikarudi, nikafanya kazi nusu saa — giza.

Mume amegundua. Hakugomba. Aliuliza tu kama na ile video ya harusi yetu ilikuwa humo. Ilikuwa humo. Anasema pengine kaka yake anayo nakala. Pengine!

Jumatano, 8 Machi

Fundi amekuja. Mtu wa maneno machache na bisibisi nyingi. Alifungua boksi la kompyuta, akapuliza vumbi, akachomoa memori, akaisugua kwa kifutio cha penseli, akairudisha. Tukakaa saa mbili tunaitazama. Haikuzima hata mara moja! Kama mtoto anayepona akifika mlangoni kwa daktari. Mama mkwe, ambaye anakaa nasi tangu goti lianze kumsumbua, alimletea fundi chai na kumsifu kwa utulivu wake. Fundi akasema mashine ni nzima, tatizo ni haraka zangu. Akaenda zake.

Saa moja baadaye ikazima. Nimelia kidogo jikoni, nakiri. Mama akanisogezea sahani.

Alhamisi, 9 Machi

Nimelijua tatizo! Nilitambaa chini ya meza kuchomoa waya, nikakuta boksi limevishwa nguo. Kitambaa cha kufuma, cha sufu, kizito, kimekatwa kwa kipimo chake mbele na nyuma, kimeziba matundu yote ya feni. Boksi la moto kama pasi. Kumbe ni Mama. Ameshafunika televisheni, redio, friji, hata mtungi wa gesi, basi na hili likapata vazi lake. Liko chini ukutani, nikiwa kitini silioni. Watu wengine hutandika vitambaa mgeni akija. Mama huvitoa, wageni wasivichafue kwa mikono yao. Ndiyo maana jana fundi hakuona kitu.

Nimekivua, nimekikunja, nimekiweka kabatini. Saa sita mfululizo, haijazima. Nimemwomba mume radhi. Akasema sawa, lakini si sawa, naijua sawa yake.

Nani atamwambia Mama? Mume anasema Mama ni wangu pia. Sasa ndiyo amekuwa wangu! Kimemchukua wiki mbili kukifuma, na macho yake yale. Nitamwambia Jumamosi, kazi ikiisha.

Ijumaa, 10 Machi

Saa tatu na robo. Zimebaki kurasa tisa. Nilikwenda kupiga mswaki na kubadilisha nguo, nikarudi, nikaandika kidogo — imezima. Nimeinama chini. Kitambaa kimerudi.

Naandika hapa nikisubiri ipoe.

Mama ameingia na sinia. Nimeshindwa kungoja Jumamosi. Nimemwambia taratibu, kadiri nilivyoweza: Mama, kitambaa ni kizuri, ila kinaizuia mashine kupumua, ndiyo sababu inazima.

Akasema, "Najua."

Nikamuuliza anajua nini.

"Mwanzo kilikuwa cha vumbi, mwanangu. Halafu nikaona ikizima ndipo unapoinuka. Unakuja jikoni, unakula. Isipozima, sahani inarudi kama ilivyokwenda. Umebaki mifupa."

Nataka kumfokea na siwezi. Wiki nzima nimetafuta ugonjwa wa mashine.

Amevuta kiti, amekaa kati yangu na boksi, goti lile amelinyoosha mbele. Sinia liko juu ya kibodi. Anasema nile kwanza. Saa tatu na dakika ishirini na tano. Simu inaita, ni mhariri. Mama ameitazama, kisha amenishikisha kijiko —