Udongo Ulioiva Nusu

Alhamisi, Akheri. Ukungu tangu alfajiri, na Mlima Meru haujaonekana hata kidogo. Migomba inadondosha maji ingawa mvua haijanyesha. Nina hasira, na nimeketi kuandika kabla haijapoa, maana mimi nikipoa huwa mpole kupita kiasi.

Nianze na la heri.

Asubuhi nilimimina maji ya mfereji kwenye pipa langu la vipande vya udongo uliochomwa, nikayaacha yachuje polepole. Watu waliporudi kutoka kuchuma kahawa, nikakinga kidogo kwenye glasi na kutia dawa ya kupimia. Dawa hii ina rangi ya waridi. Ikikutana na floridi, yale madini yaliyojaa kwenye maji yetu ya mlimani, hugeuka manjano. Tangu nirudi nyumbani imekuwa ikigeuka manjano kila ninapopima, hadi nikaanza kuichukia rangi yenyewe.

Leo imebaki waridi.

Nilipima tena, nikijua nimekosea. Waridi. Nilimwita dada yangu Ruthi aje aone, akaja na mtoto mgongoni, akaitazama glasi, akasema rangi ni nzuri, ingefaa kitambaa. Nilicheka sana, na nilicheka bila kuziba mdomo.

Hilo la mdomo lina historia yake. Sisi wa mteremko huu tuna meno ya kahawia. Ni maji. Yanaharibu meno ya mtoto yangali ndani ya ufizi, kisha yanakwenda kwenye mifupa, na ndiyo maana wazee wengine hapa hawawezi tena kunyoosha mgongo. Ukienda sokoni mjini Arusha, ukitabasamu tu, muuzaji anajua umetoka wapi. Hapa nyumbani sikuwahi kulifikiria. Ni Uingereza nilikojifunza kucheka nikiwa nimeweka mkono mdomoni kama bibi harusi. Mama mwenye nyumba niliyopanga alinipa unga wa kupigia mswaki siku ya Krismasi, kopo kubwa, akanipapasa bega kwa huruma.

Sitaki huruma. Nataka maji safi.

Nilipelekwa huko kusomea uhandisi wa kauri, yaani udongo unaochomwa, shahada ya juu, na kazi niliyopewa kuja kufanya nyumbani ni kuchunguza kama udongo wa Meru unafaa kwa vigae vya paa. Mimi nikaomba nichunguze pia kama udongo huohuo ukichomwa unaweza kunasa floridi. Profesa alikubali kwa shingo upande. Kule chuoni kwetu moto ndio kila kitu. Chombo hakijaiva mpaka ukikigonga kilie kama kengele, na mwanafunzi anayetoa chombo kisicholia huchekwa darasa zima. Basi nikaja na ujuzi wangu wote, nikajenga tanuru nyuma ya zizi, nikachoma udongo hadi ukalia. Ulilia vizuri sana. Maji yakatoka manjano vilevile.

Wiki iliyopita mvua ilinikuta katikati ya kazi. Kuni zikalowa, moto ukafa kabla ya nusu. Vipande vilitoka laini, vyeusi katikati, ukivigonga vinatoa sauti ya ubao. Nilitaka kuvimwaga njiani penye matope. Kwa uvivu tu nikavitupa ndani ya pipa, kwa sababu lilikuwa karibu na mimi nilikuwa nimelowa.

Kumbe moto mkali ndio uliokuwa ukiziba vitundu vyote vya udongo, na mimi ndiye niliyekuwa nikiuchochea. Vile vilivyoiva nusu vimebaki na njaa. Floridi ikipita, vinaikamata.

Sasa la hasira.

Mchana yule Mwingereza, afisa wa serikali anayesimamia masomo yangu nikiwa huku, alikuja na Landrova yake. Nilimwonyesha glasi mbili, ya manjano yenye maji ya mfereji na ya waridi yenye maji ya pipa. Nilikuwa na furaha ya kitoto, naona aibu nikikumbuka. Aliokota kipande kimoja, akakivunja kwa vidole, akacheka. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba hiyo si kauri, ni tofali lililoshindwa. Akasema watu wa hapa wamekunywa maji haya miaka yote na hawajafa. Nipeleke sampuli za vigae kabla mwezi haujaisha, la sivyo ataandika kwamba nimeacha kazi niliyotumwa, na ufadhili utakoma. Hakuna kurudi chuoni.

Kisha akamgeukia baba kwa Kiswahili chake cha kuamrisha watumishi. "Mzee, watu ya hapa nakunywa maji hii siku zote, hapana kufa. Hii toto yako iko na bahati kubwa. Sasa yeye nataka kutupa."

Hapo nilijua nimekwisha. Baba hajawahi kulipenda pipa langu. Ruthi alipotaka kumpikia uji mtoto wake, Ombeni, kwa maji ya pipa, baba ndiye aliyekataa, hata kabla sijajua kama yanafaa. Alisema meno haya ni ya kwetu, yametafuna mahindi kabla Mwingereza hajaijua njia ya huku, na kwamba mtoto akiota meno meupe watu watauliza ameokotwa wapi. Hakuwa anatania. Nami sikuweza kubishana naye, maana mtu aliyeona aibu ya meno yake ugenini atamwambia nini baba yake?

Baba alimkaribisha afisa chai. Afisa akashukuru, akasema hapana, akafungua chupa ya maji aliyoining'iniza kiunoni, akanywa.

Baba akaitazama ile chupa.

"Bwana, maji hayo umeyatoa wapi?"

"Ya mvua. Iko tangi nyumbani kwangu. Watoto yangu nakunywa hii tu."

Alilisema hivihivi, huku akifunga kifuniko. Sidhani hata sasa anajua alichosema. Mama aliacha kupepeta. Ruthi alimhamisha mtoto kutoka mgongoni akampakata.

"Watoto wako wanakunywa ya mvua," baba akasema taratibu, "wa kwetu watakunywa ya mfereji. Hawajafa."

Afisa akawa mwekundu, akatazama saa yake.

Ndipo nikamwambia, kwa Kiswahili ili nyumba nzima isikie, kwamba sipeleki vigae. Nitapeleka vipande vilivyoiva nusu, na glasi mbili, na maelezo ya namna moto wangu ulivyokufa. Kama hiyo si kauri, profesa aniandikie mwenyewe aseme ni nini. Sauti ilinitetemeka. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, lakini pia ni kweli kwamba niliyasema yote hadi mwisho na sikuziba mdomo.

Aliondoka bila kuaga. Nafikiri ataandika alichotishia. Huenda nisirudi tena kwenye ile maabara, na inaniuma. Naipenda. Naipenda hata harufu yake ya vumbi na makaa. Nilitaka shahada ile, na bado naitaka.

Ila siwezi kwenda kuichukua kwa kufunika paa za watu huku nikiacha wanachokunywa chini yake.

Jioni baba alikuja akasimama kando ya pipa. Hakuniangalia. Alimwita Ruthi, akamwambia uji wa Ombeni upikwe kwa maji haya. Ruthi akamkumbusha habari ya kuokotwa.

"Atakayeuliza," baba akasema, "mwambie aje kwangu."

Meno yangu hayatabadilika. Ya Ruthi pia, na ya baba ndiyo kabisa. Ombeni hana hata moja, anatafuna kidole na kutabasamu ufizi mtupu.

Vipande vya pipani havitadumu. Vikishiba floridi vitahitaji kubadilishwa, kwa hiyo kesho nawasha tanuru, kuni kavu zipo tele. Baba amesema atakaa nami kuulinda moto usizidi. Ukifika nusu nitauzima, na safari hii sitaisubiri mvua inizimie.