Waya Mbili Nyuma ya Kifuniko

Jumatatu, 7 Julai

Vumbi tena. Kombaini nne za kuvunia zimeingia shambani asubuhi, mbili zimerudi karakana kabla ya saa nne. Nimetoa mikanda mitatu, fyuzi, grisi. Stoo yangu iko sawa. Miaka tisa na hakuna hata boliti iliyopotelea mikononi mwangu. Najisifu mwenyewe, maana mwingine wa kunisifu hayupo.

Bwana Mrefu amekuja tena kuhusu gari. Ni mtaalamu wa matrekta kutoka ng'ambo, lakini moyo wake uko kwenye lile gari jeusi la Kijerumani aliloliacha mlowezi aliyekuwa na shamba hili, lenye viti vya ngozi na dashibodi ya mbao. Zamani shamba lililitumia kubebea wageni wakubwa. Sasa gari liko juu ya matofali, linauzwa, na mnunuzi ni yeye. Aliandika barua kiwandani kuulizia lilivyotengenezwa. Wamejibu. Anataka tusome vibati vya gari pamoja, mimi niandike. Nimekubali kwa shingo upande. Sipendi kulisogelea gari lile.

Jumanne, 8 Julai

Chini ya boneti kuna kibati kidogo kimejaa namba. Siku zote nilidhani ni namba za injini tu. Kumbe kila moja ni kitu alichoagiza mnunuzi wa kwanza, na barua ya kiwanda inaeleza maana yake. Rangi, nyeusi. Ngozi, nyekundu. Usukani kulia. Dari la kufunguka. Taa za ukungu. Kila namba ilipolingana na gari, Bwana Mrefu alipiga makofi. Hata mimi nikaanza kufurahia.

Halafu namba ya saba. Nikasoma barua mara mbili. Kiingereza changu si kibovu. Gari limeandaliwa kwa ajili ya redio: waya, na tundu la antena. Redio yenyewe haikufungwa. Mahali pake pamezibwa kwa kifuniko kiwandani.

Nilisema kichwa kinaniuma, nikaondoka.

Jumatano, 9 Julai

Niandike wazi. Humu hasomi mtu.

Miaka sita iliyopita Boay, dereva wa gari lile, alifukuzwa kazi kwa kuiba redio ya gari hilo. Boay alikuwa mchumba wangu. Wakaguzi walikuja na orodha ya mali. Orodha ilisema redio. Wakabandua kifuniko kwenye dashibodi, wakakuta tundu tupu na waya mbili zinaning'inia. Wakasema mwizi ameng'oa redio, kisha akaziba tundu. Boay alisomewa barua ya kufukuzwa kwenye uwanja wa karakana, mbele ya wafanyakazi wote, na ovaroli lake akalivulia palepale. Mimi nikamrudishia shuka alilonipa na picha yake. Nilisema siolewi na mwizi wa mali ya umma. Nilijiona mtu wa maana sana.

Orodha ile niliiandika mimi.

Mwaka wangu wa kwanza kazini. Siku ya kuhesabu mali, gari lilikuwa safarini Arusha, lakini kitabu chake kilikuwa ofisini. Nikanakili kutoka kitabuni. Kitabu, ambacho ni cha magari yote ya aina ile, kilitaja redio, nikaandika redio, kwa mwandiko wangu mzuri. Gari liliporudi sikwenda kuangalia. Mwaka uliofuata nikanakili orodha ya mwaka uliotangulia. Na uliofuata.

Alhamisi, 10 Julai

Nimekwenda kuangalia kwa macho yangu. Bisibisi, skrubu mbili, kifuniko kikatoka. Waya mbili. Kila moja ina kofia ndogo ya mpira kwenye ncha, imekauka hadi imekuwa ngumu. Hazijawahi kukatwa. Hazijawahi kufungwa kwenye kitu chochote. Wakaguzi hawakuzitazama ncha. Mimi sikutazama kabisa.

Na lililo baya zaidi ni hili. Nilipanda gari lile. Meneja wa wakati huo alimruhusu Boay anipeleke Dongobesh akajitambulishe kwa wazazi wangu. Aliimba njia nzima, tena vibaya, nikamwomba anyamaze, akazidisha. Kama redio ingekuwepo ningeifungua mwenyewe ili nipone kelele zake. Siku alipofukuzwa alinifuata dirishani pa stoo.

"Paskalina, wewe ulipanda. Redio uliisikia lini?"

Nikamjibu kwamba orodha haisemi uongo. Nilijibu hivyo. Mimi.

Ijumaa, 11 Julai

Nimekwenda kwa meneja, huyu mpya. Nikamwamkia, shikamoo mzee, nikaweka barua ya kiwanda na orodha zangu zote mezani. Alisoma muda mrefu.

"Binti, faili hili limefungwa. Ukilifungua, litakuunguza wewe."

Nikasema na liniunguze. Akaguna. Alasiri ameniita akanipa barua yenye mhuri: Boay hakuiba kitu, na akitaka arudi kazini, kuna lori linahitaji dereva. Mimi nimepewa onyo la maandishi. Nimeona ni dogo mno. Nilitaka mtu anifokee.

Jumapili, 13 Julai

Dongobesh, kwa dada yangu. Nimefika kwa lori la mbegu. Kesho kuna gari linaloteremka Yaeda Chini. Watu wanasema Boay yuko huko, anaendesha mashine ya kusaga ya mtu.

Dada amenisuka nywele. Mimi ndiye niliyemwomba. Akauliza nakwenda kwenye sherehe gani. Nina miaka thelathini na tatu na ni mjinga.

Jumatatu, 14 Julai

Nimemwona.

Njia mbaya, mawe matupu, nimefika nimejaa vumbi hadi kwenye kope. Mashine iko kwenye kibanda cha mabati. Alikuwa mweupe kwa unga. Alinitambua mara moja. Akazima mashine, na wateja wawili wakalalamika.

Ana mke. Ni mdogo kwangu, mpole. Akaniamkia, "Shikamoo dada," akaniletea maziwa kwenye kibuyu. Nikaitika marahaba. Sauti yangu ilitoka vizuri, sijui ilitokea wapi.

Nilimweleza Boay yote, nimesimama, sikuacha hata neno. Kitabu. Mwandiko. Kofia za mpira. Nikampa barua. Akafuta mikono, akasoma, akaikunja, akanirudishia.

"Nilikwambia," akasema.

"Ulinambia."

Kisha akasema, bila hasira, na heri angekuwa na hasira, "Kazi ningepata nyingine, Paskalina."

Nililia mbele ya wateja wake. Hakunigusa. Sikustahili kuguswa.

Lori la shamba hataki. Ameomba kitu kimoja. Barua isomwe palepale aliposomewa ile ya kwanza, mbele ya watu wote, na msomaji niwe mimi. Nikasema itakuwa Jumamosi, saa nne, watu wakikusanyika. Nikamuuliza kama atakuja kusikiliza. Akatazama chini kidogo. Akasema ataona.

Alhamisi, 17 Julai

Meneja amekubali. Amesema nimechanganyikiwa, lakini amekubali. Bwana Mrefu amelipeleka gari lake Arusha juu ya lori. Nimetia saini karatasi ya kulitoa. Kabla ya kutia saini nilizunguka nikagusa kila kitu kilichoandikwa. Taa, vioo, jeki, tairi la akiba. Wapakiaji walikuwa wanacheka. Wacheke.

Jumamosi, 19 Julai

Nimesoma. Siwezi kuandika leo.

Jumapili, 20 Julai

Nimetoka kanisani, nimefua, nimepika makande. Upepo umetulia. Tangu asubuhi hakuna aliyebisha hodi.

Jana watu walijaa uwanjani, mafundi, madereva, wapishi, hata walinzi. Wengi ni wapya, hawakumjua Boay. Waliomjua walitazama viatu vyao. Nilianza na maneno yangu mwenyewe, kwamba orodha niliiandika mimi, bila kuangalia, na mtu akaitwa mwizi kwa sababu ya orodha hiyo. Kisha nikasoma barua. Hakuna aliyepiga makofi wala kuzomea. Fundi mkuu alivua kofia. Baadaye wakarudi kwenye kombaini zao.

Lango la shamba lilikuwa wazi. Kutoka pale niliposimama barabara inaonekana mbali, mpaka inapokata kona. Barua ina mistari kumi na mmoja tu. Niliisoma polepole, neno moja moja, ili kama Boay amechelewa njiani aikute bado naisoma.