Sahani Chini ya Kawa

Tongoni, Tanga

Kwa dada yangu Rahila,

Shikamoo dada. Natumai barua hii itakukuta wewe, shemeji na watoto mkiwa wazima huko Wete, na jua linatosha kukausha karafuu. Sisi huku tunapumua, jambo ambalo mpaka leo halijatozwa ushuru. Mama ni mzima wa maungo. Mengine nimeona niyaandike, maana kwenye simu ungenikatia kabla sijafika katikati.

Umeuliza kwa nini mama alikosa ile ruzuku ya kaya maskini. Wajua kuwa tangu nichaguliwe mwenyekiti wa mtaa, nashona viti vya bodaboda nikiwa nimezungukwa na wapiga kura. Kila mteja hunikumbusha kwanza kwamba alinichagua, kisha huomba apunguziwe bei. Na kura zenyewe niliziomba kwa ahadi moja, kwamba ndugu yangu hatapendelewa. Waliipenda sana. Hata mimi niliipenda, kwa kuwa siku ile sikukumbuka kwamba nina mama.

Basi maafisa wakaja, tukakutana uwanja wa shule. Utaratibu wao, mtu husimama mbele, majirani wakanyoosha mikono kukubali kwamba kweli ni maskini. Mtu wa pwani huyo, aliyefunzwa tangu utotoni kuificha njaa yake, asimame aionyeshe! Badru, mwenye bodaboda mbili, alikuja na shati lililochanika kwapani, akiegemea fimbo ambayo sijapata kumwona nayo. Mize, jirani yetu, akamuuliza kama na bodaboda zake zinachechemea. Watu walicheka, lakini mikono ilikwisha kunyooshwa. Akapita.

Mama akaja na gauni lake la Idi, buibui limepigwa pasi, ananukia udi. Mize akataka kujua huyu ameletwa kusaidiwa au kuposwa. Wanaomjua walinyoosha mikono. Wanajua jiko lake huwaka mara moja kwa siku, na kwamba kwa vile kodi ya jengo hukatwa kila anunuapo umeme, ameamua kukaa na koroboi. Yaani mama ameichangia serikali mpaka taa yake ikazimika, na mchango wake akapewa Badru. Wengine wakakataa, wakasema fukara hanukii hivyo. Mwisho wake akaachwa.

Tangu hapo, kila adhuhuri mama huniletea sahani imefunikwa kawa. Hupita nayo katikati ya mtaa akisalimia kila baraza, na watu huniambia nina bahati, mama yangu hajambo hata anamlisha mwenyekiti. Siku ya kwanza niliingia ndani nikafunua. Tupu. Imeoshwa inang'aa. Usiku nikampelekea wali. Kesho yake ukarudi chini ya kawa ileile, haukuguswa. Akaniambia taratibu kwamba mtaa umeshaamua yeye si wa kusaidiwa, na mwenyekiti asivunje uamuzi wa mtaa.

Sasa dada, kaa kitako. Siku ile uwanjani, mikono ya waliomkubali mama na ya waliomkataa ililingana. Afisa akasema mwenyekiti ndiye aamue. Nikimkubali, nimependelea ndugu, na nimetangaza kwamba Hilal ameshindwa kumtunza mama yake. Nilimtazama, naye akashusha macho kwenye lile gauni, ndipo nilipofahamu kuwa alilivaa kwa ajili yangu, wasije wakasema mwenyekiti ana mama fukara. Nami nikanyoosha mkono pamoja na waliokataa. Walinipigia makofi. Wakasema hawajapata kuona kiongozi wa haki kama mimi.

Tafadhali leta mchele kwa jina lako, useme ni zawadi kutoka kwa mjukuu wake. Wa kwako ataupokea. Usimwambie kwamba nimekuomba.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Ningeandika zaidi, ila adhuhuri imeingia na namwona mama anakuja na sahani, ameshafika barazani kwa Mize. Inanibidi nikanawe mikono, watu wananitazama.

Mdogo wako,
Hilal