Kinachocheza Kimelegea?

Kosa la wengi wanaoniandikia ni kudhani kwamba mtu huficha mabaya tu. Mazuri nayo hufichwa, na yakifichwa huharibika vilevile. Msomeni mama huyu, mshona mapazia.

Mshauri wetu, shikamoo. Nakuja kwako kwa sababu nimeshindwa kumweleza mwenzangu, nami si mwizi wala sina hawara, ila nilikuwa na mgongo uliokaza kwa kuinamia cherehani na moyo mzito tangu kitindamimba wetu aolewe na nyumba ikawa kimya, basi muuguzi akanielekeza kwenye ukumbi wa shule ambako kina mama na wazee wachache hucheza muziki wa polepole, tunavua viatu, tunazungusha mabega, tunavuta pumzi, anayechoka anacheza akiwa kitini, na mwalimu tunamwita Mama Taratibu maana ndilo neno lake, na kweli mgongo umeachia, nalala vizuri, najikuta nacheka peke yangu jikoni. Tatizo ni mume wangu, fundi baiskeli, ambaye gurudumu likiyumba husema "hili linacheza," maana yake limelegea, na siku tulipopita karibu na ule ukumbi alisikia muziki akasema, "Mama watoto, mtu mzima akianza kucheza, jua kuna nati imelegea," akacheka, nami nikacheka, tangu hapo nikienda namwambia nafuata vitambaa, lakini juzi tukinywa chai akanitazama, "Mbona siku hizi unatembea kama bibi harusi? Na hivyo vitambaa mbona sivioni?" Safari hii hakucheka. Niache kucheza, au niseme nichekwe?

Marahaba, mwanangu. Kwanza pole, halafu hongera, halafu nikugombeze kidogo.

Mwili unaoshinda umeinama huzoea kuinama, na mawazo nayo hujikunja humo humo. Ukiunyoosha kwa upole, tena kati ya watu, sikio likifuata muziki, kichwa hupata nafasi ya kupumzika. Kwa hiyo usiache. Ila wewe umeuogopa mzaha wa siku moja, ukamtwika mumeo wasiwasi wa kila siku! Mume aliyeona mwendo wa mkewe umebadilika hutafuta sababu. Usipompa ya kweli atajitungia yake, na katika hiyo hakutakuwa na Mama Taratibu. Hilo ndilo la kuogopa, si kuchekwa.

Na neno lake lisikutishe, maana alikueleza nusu tu. Muulize: gurudumu likikazwa mpaka lisicheze hata kidogo, linakuwaje? Atakujibu kwamba linakuwa zito na gololi zinasagika, ndiyo maana fundi mzuri hukaza, kisha hulegeza kidogo lizunguke. Mwambie nawe ulikuwa umekazwa mno, ukapata fundi. Akicheka, cheka naye. Umemkosea kwa vile vitambaa, kwa hiyo muombe radhi bila maneno mengi.

Leo jioni akirudi, vua viatu pale sebuleni, umwonyeshe hatua ya kwanza.