Kilo Tisini za Kaka Twalibu

S.L.P. 1147,
Mafiga,
Morogoro.
7 Mei 2025.

Mpendwa Mjomba Kibwana,

Shikamoo. Vipi mgongo, umeanza kukuachia ulale? Na mama Zuleha, macho yake yanaendeleaje baada ya ile miwani mipya? Sisi huku tu wazima. Mvua tu ndiyo haitaki kutuonea huruma, nguo zangu zina siku tatu kwenye kamba na bado mbichi. Dada yako kule Kiroka anasema mihogo imeipenda, kwa hiyo tusilalamike sana.

Nakuandikia kwa sababu wewe kwenye simu ni lazima mtu apayuke, na neno hili silitaki lisikike hata chumba cha pili. Jirani yangu Felista anakuja Tabora kesho, ndiye atakayekuletea barua.

Ni kaka Twalibu. Unakumbuka daktari alimwambia sukari yake haitashuka kwa vidonge peke yake. Basi ana miezi minne sasa na baiskeli ya mtumba, ya gia. Alianza kwa kwenda Mazimbu na kurudi, na siku hizi kila Jumamosi anapanda mpaka Kiroka kumwona mama. Na sukari imeshuka, Mjomba. Tangu afiwe na mkewe sikuwahi kumsikia akipiga mluzi, sasa anapiga, tena vibaya. Kwa hiyo usiniambie niifiche hiyo baiskeli.

Jumamosi iliyopita, kwenye mteremko wa kurudi Bigwa, spoku tatu za gurudumu la nyuma zilikatika. Ringi likapinda, gurudumu likakwama, akatupwa mtaroni. Alirudi akiikokota baiskeli, goti limechubuka, anacheka. Mimi sikucheka. Upande wa pili wa barabara ile ni korongo.

Tukaenda naye kwa fundi Abeid, Mwembesongo. Abeid akalizungusha gurudumu, akauliza, "Mwendeshaji ana kilo ngapi?" Benchi lilikuwa limejaa watu, na mmoja akadakia, "Fundi, huyo usimuulize kilo, muulize tani." Wakacheka. Kaka akainama kutazama viatu vyake. Basi mimi nikasema, "Tisini." Mjomba, kliniki mwezi uliopita walimpima mia na ishirini na saba.

Abeid akasema kwa tisini ringi lilelile linafaa. Akalinyoosha, akatia spoku tatu mpya, tukaondoka. Tulipokaribia nyumbani kaka akaninunulia soda, na ile soda ndiyo inayoninyima raha mpaka leo.

Gurudumu lenyewe lina spoku ishirini na nane, nimezihesabu mara mbili. Wewe enzi zako za ufundi, kwenye baiskeli za mizigo ulikuwa ukiweka arobaini nyuma. Fundi mwingine hapa Mafiga ameniambia kwa mtu mzito nitafute ringi la alumini lenye kuta mbili, spoku nene thelathini na sita, na tairi pana. Nikamuuliza la chuma je, akasema ni gumu, ila likilowa breki hazishiki. Ni kweli? Na habu ya zamani, hicho kitovu cha gurudumu, itazipokea spoku zote hizo, au ninunue gurudumu zima?

Naomba umpigie wewe. Mimi nikigusa habari za uzito anatoka nje, lakini kwetu neno la mjomba halirudishwi. Mwambie asiteremke tena na gurudumu lile. Kilo usizitaje. Wahenga walisema mficha maradhi, na mwisho wa methali hiyo unaujua, mimi mkono unakataa kuuandika.

Nisalimie mama Zuleha, Zuleha mwenyewe na wanawe, na mzee Severin jirani yenu.

Nilikuwa nimeshafika hapa pa salamu, Felista akabisha hodi. Safari yake imesogezwa mpaka Jumamosi alfajiri. Barua itakufikia Jumapili, na kaka anapanda Kiroka Jumamosi.

Nimekaa na kalamu nikitafuta mtu mwingine wa kulisema neno hili, simwoni. Hata nikipayuka kwenye simu ukanisikia, kilo tisini nilizitaja mimi. Abeid hufunga saa kumi na mbili, na sasa ni kumi na nusu. Kaka yuko chumbani kwake. Namwita twende wote, na namba nitaisema mbele yake na mbele ya benchi zima. Atakasirika, najua. Bora akasirike akiwa mzima.

Majibu ya ringi bado nayangoja. Mwenyezi Mungu akupe usingizi usio na maumivu, na huyu wetu amrudishe salama kila anapotoka.

Mpwa wako akupendaye,
Mwanvita